Ligi Mbili za Nchi Moja

Mwezi Mei wa mwaka 2025, klabu ya Simba ilipofika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika na ikaonekana kwamba uwanja wa Benjamin Mkapa hautaweza kutumika, mchezo wa marudiano dhidi ya RS Berkane ya Morocco ulihamishiwa Unguja, katika uwanja wa Amaan, na mashabiki wa Kariakoo, Jangwani, Magomeni na Ilala, ambao katika siku za kawaida huamini kwamba kitovu cha mpira wa nchi hii kiko baina ya mtaa wa Msimbazi na mtaa wa Twiga, wakalazimika kushuka bandarini na kuvuka bahari ili waione timu yao. Siku ile, tarehe 25, Simba walitoka sare ya bao 1-1, na kwa kuwa Berkane walikwisha kushinda 2-0 nyumbani kwao, kombe likachukuliwa na wageni. Huzuni ya kushindwa imepita. Lakini mchezo ule uliacha suali mbele ya kila mwenye kupenda mpira, nalo halijajibiwa: ikiwa mchezo mkubwa kabisa wa klabu ya Bara kwa mwaka mzima waweza kuchezwa Visiwani bila ya mtu kuona ajabu, ni kwa sababu gani juma lililofuata tulirudi kuwa nchi yenye ligi mbili, mabingwa wawili, mashirikisho mawili na ratiba mbili zisizojuana?

Kwa msomaji asiyefuata mambo ya mpira kwa karibu, ni vema kueleza hali ilivyo. Huku Bara iko Ligi Kuu yenye timu 16, inayoendeshwa na Bodi ya Ligi chini ya Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania, yaani TFF. Na Visiwani iko Ligi Kuu ya Zanzibar, inayosimamiwa na shirikisho lake lenyewe, ZFF, ambalo kabla ya mageuzi ya miaka ya karibuni lilijulikana kwa jina la ZFA. Bingwa wa huku hakutani na bingwa wa kule ila kwa mwaliko. Katika mashindano ya klabu ya Afrika kila upande hupeleka wawakilishi wake, kana kwamba ni nchi mbali mbali. Katika Kombe la Dunia na Kombe la Mataifa ya Afrika timu ni moja tu, Taifa Stars, ambamo Mzanzibari na Mbara huvaa jezi moja. Na katika mashindano ya CECAFA, ya Afrika Mashariki na Kati, Zanzibar hurudi tena kusimama peke yake, na mwaka 1995 ililitwaa kombe hilo katika ardhi ya Uganda. Mtu wa nje akisimuliwa mpango huu hustaajabu, na hana kosa.

Asili yake ni ya kale kuliko Muungano wenyewe. Kombe la Gossage, lililoanzishwa mwaka 1926 kwa jina la mtengenezaji wa sabuni wa Kiingereza, lilikuwa kwanza baina ya Kenya na Uganda. Tanganyika ikaingia mwaka 1945, na Zanzibar mwaka 1949, kila moja kwa chama chake. Nchi mbili zilipoungana tarehe 26 Aprili 1964, mambo mengi yalitiwa katika orodha ya mambo ya Muungano, ulinzi na mambo ya nje mathalan, lakini michezo haikutiwa, na haijatiwa hata leo. Ilhali FIFA, ilipompokea mwanachama kutoka nchi hii mwaka ule ule, ilipokea chama kimoja tu. Basi tangu siku hizo mpira wetu umekaa chini ya sheria mbili zinazovutana: sheria ya nyumbani, inayoiachia Zanzibar michezo yake, na sheria ya dunia, isiyotambua zaidi ya chama kimoja katika nchi moja. Ligi mbili tulizo nazo hazikutokana na ugomvi wa watu, wala tamaa ya kiongozi fulani, bali zilirithiwa.

Na watu wa Jangwani, kama wangetaka kukumbuka, ndio wenye sababu kubwa kuliko wote ya kutoihesabu Zanzibar kuwa ni ugenini. Wazee wa Yanga husimulia kwa fahari kwamba jengo la klabu yao, lile lililo ukingoni mwa bonde la Msimbazi ambalo mvua kubwa za masika hulizingira kwa maji, lilijengwa kwa msaada wa Mzee Abeid Amani Karume, Rais wa kwanza wa Zanzibar. Na wazee wa upande wa pili husimulia kwamba ni yeye huyo aliyewashauri Sunderland waliache jina la kigeni, nao wakajiita Simba mwaka 1971. Tangu wakati ule hadi leo mkondo wa wachezaji kutoka Visiwani kuja Kariakoo haujakatika. Nadir Haroub, ambaye mashabiki walimbandika jina la Cannavaro, alitoka Zanzibar akawa nahodha wa Yanga na wa Taifa Stars. Feisal Salum, mpendwa wa watu kwa jina la Fei Toto, alichukuliwa na Yanga kutoka JKU mwaka 2018 kabla ya kuhamia Azam. Na Ibrahim Abdallah, Bacca, ukuta wa Yanga wa siku hizi, alitoka KMKM. Hao ni wachache wenye majina. Nyuma yao wako wengine wengi, kwa sababu njia ya kijana wa Unguja au Pemba mwenye kipaji ni moja tu, nayo ni kucheza misimu michache nyumbani kisha kuvuka.

Matokeo yake yanajulikana na kila mtu aliyewahi kukaa barazani Ng'ambo jioni ya mchezo. Kijana anayelelewa na JKU au KMKM akikomaa, huondoka, na klabu iliyomlea huanza upya na chipukizi wengine. Mtazamaji wa Unguja, ambaye jana alimwona bure katika uwanja wa nyumbani, leo humtazama katika televisheni akiwa amevaa rangi ya Simba au ya Yanga. Na mdhamini, ambaye kazi yake ni kufuata macho ya watu, hufuata macho hayo mpaka Bara. Mwaka 2021 Azam Media ilitia saini na TFF mkataba wa haki za matangazo ya Ligi Kuu ya Bara wa miaka 10, wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Ligi ya Zanzibar haiko karibu na fedha ya namna hiyo, na kwa hali ilivyo sasa haitakuwa karibu nayo, hata ikiwa na viongozi hodari namna gani, maana haina watani wa Kariakoo wa kuwauza.

Hapa sina budi kutenga mambo mawili ambayo watu aghalabu huyachanganya. Kugawanyika kwa klabu si sawa na kugawanyika kwa ligi. Yanga ilianzishwa mwaka 1935, na mwaka uliofuata baadhi ya wanachama wake wakajitenga na kuunda klabu nyingine, ile iliyokuja kuwa Simba. Na hakuna mtu mwenye insafu anayeweza kusema leo kwamba mtengano ule ulikuwa msiba, maana kutokana nao ulizaliwa utani wa jadi ambao ndio roho ya mpira wa Dar es Salaam, na lau wale waliotoka wangesuluhishwa wakarudi, Kariakoo ingekuwa na timu moja kubwa isiyo na mshindani. Katika miaka ya sabini Yanga ilipasuka tena, ikazaliwa Pan African, na Pan African hiyo ikaja kuwa bingwa wa nchi. Klabu hustawi kwa kuwa na mpinzani. Ligi ni kitu cha namna nyingine, kwa sababu ligi haichezi na ligi. Ligi ni kama mizani ya sokoni, ambapo wauzaji wakiwa wengi ni heri, lakini mizani zikiwa mbili zisizolingana, hakuna ajuaye tena uzito wa kitu alichokinunua. Bingwa ana thamani kwa kadiri ya wale aliowashinda, na pale ambapo baadhi ya wale waliostahili kushindana naye walikuwa wakicheza kwingine, ubingwa wake huwa na shaka ndani yake, hata kama kombe ni la dhahabu.

Jirani zetu wameyaonja haya. Uganda, katika msimu wa 2012/2013, ilijikuta na ligi kuu mbili, moja ya FUFA na moja ya kampuni iliyokuwa imekabidhiwa ligi hapo kabla, na kila moja ikadai kuwa ndiyo halali. Kenya mwaka 2015 iliingia katika mzozo kama huo kwa jambo lililoonekana dogo: shirikisho, FKF, lilitaka ligi ya timu 18, na kampuni ya Ligi Kuu, KPL, ikashikilia timu 16, zikaanza ligi mbili katika mwaka mmoja, mpaka wakubwa wakakaa wakapatana na ligi ikarudi kuwa moja. Gor Mahia wakaimaliza bila ya kupoteza mchezo hata mmoja, na kama ligi zile zingebaki mbili, sifa ile kubwa ingekuwa daima na mtu wa kuikanusha.

Lakini mfano uliokamilika kuliko yote unatoka mbali, tena katika mchezo ambao kwetu hauchezwi: mashindano ya Marekani ya magari yale mepesi ya mbio ambayo magurudumu yake hayafunikwi na bodi. Mchezo huo una mahali pake patukufu, uwanja wa Indianapolis, ambako tangu mwaka 1911 hufanyika shindano la maili 500, na dereva aliyelishinda hilo hata asiposhinda jingine jina lake halisahauliki. Tangu mwaka 1979 mashindano ya mwaka mzima yalikuwa yakiendeshwa na chama cha wenye timu, kilichoitwa CART, ambacho kilikuwa na madereva bora, magari ya kasi, na fedha nyingi. Mwaka 1994 Tony George, ambaye ahali yake walikuwa ndio wamiliki wa uwanja wa Indianapolis, alitangaza kwamba ataanzisha ligi yake mwenyewe, na mwaka 1996 akaianzisha. Kisha akatoa amri kwamba katika nafasi 33 za shindano kuu, 25 zitahifadhiwa kwa wale watakaofuata ligi yake. Wenye timu wakaghadhibika. Siku ile ile ya shindano la Indianapolis, tarehe 26 Mei 1996, wakaandaa shindano lao huko Michigan. Upande mmoja ulikuwa na uwanja wenye jina bila ya madereva wakubwa, na upande wa pili ulikuwa na madereva wakubwa bila ya uwanja wenye jina, na mtazamaji akaambiwa achague.

Mtazamaji hakuchagua upande wowote katika hizo mbili. Wengi walihamia kwa NASCAR, mashindano ya magari yenye umbo la magari ya barabarani, ambayo katika miaka hiyo hiyo yalistawi kwa namna ya kushangaza, na wadhamini wakawafuata. CART ilikwenda ikidhoofika mpaka ikafilisika baada ya msimu wa 2003. Warithi wake wakaiendeleza kwa jina jipya, Champ Car, kwa miaka michache ya taabu. Na hatimaye mwezi Februari 2008, baada ya miaka 12 ya husuda na hasara, ligi mbili zikaunganishwa, au kwa kusema kweli zaidi, moja ikaimeza nyingine. Hata siku ya kuungana haikuwa na utulivu: ratiba zilikwisha kupangwa na mikataba ilikwisha kutiwa saini, hivyo mwezi Aprili wa mwaka ule wakajikuta katika juma moja wana mashindano Motegi, Japani, na mengine Long Beach, California, na madereva wakagawanyika tena kwa mara ya mwisho. Mchezo uliungana, lakini watazamaji waliokwisha kuzoea kitu kingine hawakurudi wote.

Katika kisa hiki kuna jambo ambalo nalifikiri zaidi kuliko yote. Kabla ya kuungana rasmi, timu kubwa za CART zilikwisha kuanza kurudi Indianapolis zenyewe: timu ya Chip Ganassi ilikwenda mwaka 2000, na dereva wake Juan Pablo Montoya akashinda, na mwaka uliofuata ikafuata ile ya Roger Penske, nayo ikashinda. Hawakurudi kwa mapenzi ya umoja, wala kwa sababu walimsamehe aliyewafukuza. Walirudi kwa kuwa pale ndipo palipokuwa na lango, na asiyepita katika lango lile hakuwa na cha kuwaonyesha wadhamini wake. Mapatano ya ligi, basi, hayategemei sana hotuba za viongozi. Hutegemea kuwapo kwa kitu kimoja ambacho pande zote mbili hukitaka na ambacho hakipatikani ila kwa kukutana.

Sisi tuliwahi kuwa na kitu hicho. Kuanzia mwaka 1982, pamoja na ligi ya Bara na ile ya Zanzibar, ilichezwa Ligi ya Muungano, ambamo timu bora za pande zote mbili zilikutana, na bingwa wake ndiye aliyekuwa bingwa wa Tanzania na kuiwakilisha nchi katika Afrika. Vijana wa leo, ambao wameona ubingwa wa Bara ukizunguka baina ya Simba na Yanga, na mara moja tu, mwaka 2014, ukienda kwa Azam, huenda wasisadiki orodha ya mabingwa wa Muungano wa zama zile. Mwaka 1984 bingwa alikuwa KMKM ya Unguja. Mwaka 1985 na mwaka 1986 alikuwa Majimaji ya Songea. Mwaka 1989 alikuwa Malindi, mwaka 1990 Pamba ya Mwanza, na mwaka 1992 Malindi tena. Sisemi kwamba Kariakoo haikushinda, maana ilishinda mara nyingi. Nasema kwamba Kariakoo ilikuwa inashindwa, na kushindwa kwake na timu ya Mjini Unguja kulikuwa ni jambo la kawaida ambalo mtu alikubali, akarudi nyumbani akalala.

Kwa nini basi ligi hiyo ilikufa? Haikufa kwa chuki, wala watu hawakuichoka. Ilikufa kwa sababu lango lake lilifungwa. Mwaka 2004 Shirikisho la Afrika, CAF, lilipoikubalia Zanzibar kupeleka klabu zake moja kwa moja katika mashindano ya Afrika, bingwa wa Visiwani hakuhitaji tena kumshinda mtu wa Bara ili afike Afrika, wala bingwa wa Bara hakuhitaji kuvuka bahari. Zanzibar ilipata haki yake, nami siioneshi kidole haki hiyo. Lakini Ligi ya Muungano ikabaki bila ya tuzo, na ligi isiyo na tuzo hugeuka kuwa michezo ya kirafiki yenye waamuzi wa kulipwa.

Na ye yote anayetaka kusema kwamba dawa ni kuzivunja ligi zote mbili na kuunda moja, sharti kwanza asimame upande wa Zanzibar na aitazame hesabu kutoka kule. Zikiunganishwa kabisa, CAF itahesabu ligi moja, na nafasi mbili ambazo leo klabu za Zanzibar huzipata katika mashindano ya Afrika zitapotea siku hiyo hiyo. Katika ligi moja ya timu 16 au 18, Visiwani watapewa timu ngapi? Tatu? Nne? Zilizobaki zitashushwa madaraja ambayo hakuna kamera inayofika, na Pemba, ambayo hata leo hulalamika kusahauliwa na Unguja, huenda ikakosa timu kabisa. Fauka ya hayo, liko jeraha lisilopona: tarehe 16 Machi 2017 Zanzibar ilikubaliwa kuwa mwanachama kamili wa CAF, watu wakashangilia kwa shangwe ambayo kisiwa hakikuwa kimeiona kwa siku nyingi, na mwezi Julai wa mwaka ule ule uanachama ukafutwa kwa hoja kwamba CAF haiwezi kupokea vyama viwili vya nchi moja. Watu waliovuliwa heshima yao namna hiyo baada ya miezi minne, ukiwaendea na neno la kuunganisha, watasikia neno la kumezwa, na katika kisa cha Marekani tulichokieleza hakuna kitu cha kuwakanusha.

Kwa hiyo mimi si miongoni mwa wanaotaka ligi moja. Nataka Ligi ya Muungano irudi, juu ya ligi mbili zilizopo, ikiwa na lango lake.

Kilichorudi mpaka sasa hakitoshi. Mwezi Aprili 2024 Kombe la Muungano lilifufuliwa baada ya takriban miaka 20, kwa timu nne: Simba, Azam, KMKM na KVZ, likachezwa Unguja kwa siku chache, na Simba wakaifunga Azam 1-0 katika fainali iliyokuwa ya watu wa Dar es Salaam peke yao. Mwaka uliofuata lilipelekwa Pemba, kwenye uwanja wa Gombani, na jambo hilo peke yake lilikuwa la kheri. Yanga wakaifunga JKU 1-0 katika fainali. Ni sherehe njema, lakini ni sherehe. Kocha wa Yanga, mwenye mechi za ligi na labda za Afrika mbele yake, hupeleka kikosi anachomudu kukipeleka, na hakuna wa kumlaumu. Kombe la Mapinduzi, ambalo huchezwa Zanzibar kila Januari, lina historia na heba zaidi, nalo limetuonyesha kwamba pengo si kubwa kama wanavyodhani watu wa Msimbazi: mwaka 2023 Mlandege ya Unguja iliifunga Singida Big Stars katika fainali, na mwaka 2024 ikaifunga Simba yenyewe, 1-0. Lakini liko tukio la upande wa pili pia, na mtetezi mwaminifu hana ruhusa ya kulificha: mwaka 2025 KMKM na Azam walipokutanishwa na kura katika Kombe la Shirikisho la Afrika, klabu mbili za nchi moja zikicheza kama wageni wa mataifa mawili, Azam ilishinda kwa mabao mengi mno. Katika mchezo mmoja wa fainali, moyo na siku njema vyaweza kuziba pengo la fedha. Katika michezo miwili ya nyumbani na ugenini, pengo hujitokeza. Ndiyo sababu nataka Mlandege na KMKM wakutane na Azam na Simba mara nyingi katika mwaka, siyo mara moja kwa bahati ya kura.

Mpango ninaoufikiria si mgumu. Timu nane, nne bora za kila upande, zigawanywe katika makundi mawili yenye Wabara wawili na Wazanzibari wawili. Kila moja icheze nyumbani na ugenini, michezo sita. Kisha nusu fainali, na fainali tarehe 26 Aprili, mwaka mmoja upande huu na mwaka mwingine upande ule. Kombe la Muungano la sasa liingizwe humo, na la Mapinduzi liachwe lilivyo, maana hilo ni la Zanzibar na lina tarehe yake. Lango nalo lijengwe hivi: Bara leo hupeleka klabu nne katika mashindano ya Afrika, kwa heshima ambayo Simba na Yanga wameichuma kwa jasho, Yanga wakiwa wamefika fainali ya Shirikisho mwaka 2023 na Simba mwaka 2025. Katika nafasi hizo nne, moja ya Kombe la Shirikisho itolewe, kwa kadiri kanuni za CAF zinavyoruhusu, kwa klabu ya Bara iliyofanya vizuri zaidi katika Ligi ya Muungano, na Zanzibar nao wafanye vivyo hivyo kwa nafasi yao ya Shirikisho. Hapo hakuna upande utakaopoteza haki hata moja, na hata hivyo hakuna atakayethubutu kupeleka kikosi cha akiba Gombani.

Bara yenyewe inaihitaji dawa hii kuliko inavyokubali kusema. Tarehe 8 Machi 2025 mchezo wa watani uliahirishwa siku yenyewe, baada ya Simba kugoma kwa sababu ya kuzuiwa kufanya mazoezi uwanjani usiku wa kuamkia mechi. Yanga nao wakashikilia kwamba hawatacheza tena mchezo ule. Na mpaka ulipochezwa, tarehe 25 Juni, Yanga wakishinda 2-0, nchi nzima ilikwisha kukaa zaidi ya miezi mitatu ikingojea klabu mbili zikubali kuingia uwanjani. Ligi ambayo mchezo wake mmoja una uzito kuliko yote iliyobaki haiwezi kuwaamuru wenye mchezo huo. Lakini siku ambapo safari ya Pemba na mchezo wa Malindi vitakuwa na uzito wa kumnyima Simba au Yanga nafasi ya Afrika, Bodi ya Ligi itakuwa na kitu kingine cha kusimamia, na watazamaji watakuwa na siku nyingine za kuzingojea kwa hamu.

Najua kwamba watu wa ratiba watapiga kelele. Tayari kila msimu tuna viporo, kwa sababu Simba na Yanga wakiingia makundi ya Afrika mechi zao za ligi husogezwa, na michezo sita zaidi ni mzigo. Hoja hiyo ina nguvu, na jibu lake ni kwamba baadhi ya vitu sharti vipunguzwe, siyo kwamba kitu hiki kisianze. Viwanja vipo: Amaan, uliofunguliwa mwaka 1970 kwa msaada wa China, umejengwa upya na mwezi Agosti 2025 ulipokea mataifa katika mashindano ya CHAN, na Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2027, ambalo Tanzania italiandaa pamoja na Kenya na Uganda, litaacha vingine. Boti kutoka Dar es Salaam hadi Unguja huchukua saa mbili hivi, wakati ambao basi la Jangwani linaloelekea Mwanza huwa bado halijaiona Morogoro.

Ugumu wa kweli uko katika fedha, na ni heri kusema hivyo waziwazi. Zanzibar wana malalamiko ya siku nyingi juu ya mgawo wa misaada ya FIFA inayoingia kwa mlango wa TFF, na maadamu malalamiko hayo hayajakaliwa na kumalizwa kwa maandishi, kila mpango wa pamoja utapokelewa kwa shaka. Kwa hiyo kikao cha kwanza baina ya TFF na ZFF kisianze na jina la mashindano wala na rangi ya kombe. Kianze na daftari: haki za matangazo za Ligi ya Muungano ziuzwe peke yake, nje ya mkataba wa Ligi Kuu ya Bara, na zigawanywe nusu kwa nusu, viingilio vibaki kwa mwenyeji, klabu ya Visiwani inayouza mchezaji Bara ipate sehemu yake kila anapouzwa tena, na ijulikane, kabla ya mpira wa kwanza kupigwa, ni mfuko gani utakaolipa nauli ya Mlandege kwenda Mwanza na ya Pamba Jiji kwenda Pemba.